Uchochezi: Neno na Sheria katika Historia ya Kenya

Utangulizi

Kuchochea, kwa maana yake ya asili, ni kazi ya jikoni. Mpishi huzisogeza kuni mafigani ili moto upate kushika. Na moto usiochochewa hufifia, chakula kikabaki kibichi. Katika matumizi hayo neno hili halina ubaya wowote. Ubaya huingia pale moto unapokuwa wa ugomvi: mtu aendaye kwa huyu akasema, akenda kwa yule akasema, mpaka majirani wakashikana mashati, huyo huitwa mchochezi. Na hata hapo aibu ya neno imo katika jambo moja tu, nalo ni kuwagombanisha watu.

Katika karne ya ishirini neno hili lilitwaliwa kutoka jikoni na barazani likapelekwa kortini. Huko lilipewa kazi nyingine, yaani kutaja kosa la mtu aifanyaye serikali ichukiwe na watu wake. Makala haya yanakusudia kuichunguza safari hiyo ya neno na sheria, tangu enzi ya ukoloni hata miaka yetu hii, na kujaribu kulijibu swali lililo gumu: uko wapi mpaka wa haki ya mwananchi kuilaumu serikali yake mwenyewe? Rai ya mwandishi ni kwamba mpaka upo, na hauna budi kuwapo. Lakini sheria tuliyoirithi iliuweka mahali pasipo pake, kwa kuyafunga makosa mawili yasiyofanana ndani ya neno moja. Madhara yake yalikuwa ya namna mbili. Aliyeilaumu serikali aliadhibiwa, na aliyewachochea watu juu ya jirani zao akaachwa.

Asili ya sheria

Sheria ya uchochezi haikuzaliwa Kenya. Mwaka 1870 Waingereza waliongeza katika Kanuni za Adhabu za Bara Hindi kifungu cha 124A, kilichomtia hatiani mtu yeyote ambaye, kwa maneno, kwa maandishi au kwa ishara, alijaribu kuyaondoa mapenzi ya raia kwa serikali yao. Mwaka 1897 Bal Gangadhar Tilak, mwandishi na mwanasiasa, alishtakiwa mjini Bombay kwa kifungu hicho. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kosa lenyewe ni kukosekana kwa mapenzi: ikiwa mshtakiwa ametaka kuwatia watu hisia mbaya juu ya serikali, basi kosa limekamilika, hata kama hapana fujo iliyotokea wala iliyokusudiwa. Tilak alifungwa miezi kumi na minane.

Mwaka huo huo wa 1897 kanuni hizo za Bara Hindi zilianza kutumiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, na ziliendelea kutumiwa mpaka mwaka 1930, Kenya ilipopewa Kanuni zake za Adhabu. Kwa hiyo, kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, Mwafrika wa Kiambu au wa Mombasa na Mhindi wa Bombay walikuwa chini ya maneno yale yale ya sheria.

Mwezi Machi wa 1922 waonyesha jambo hili kwa namna ya ajabu. Tarehe 14 Harry Thuku, kiongozi wa chama cha East African Association, alikamatwa Nairobi. Alikuwa amelalamika juu ya kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kazi za kulazimishwa. Tarehe 16 umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kutaka aachiliwe ulipigwa risasi, na watu wasiopungua ishirini na mmoja waliuawa, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru. Siku mbili baadaye, tarehe 18, Mohandas Gandhi alisimamishwa mbele ya jaji mjini Ahmedabad, akashtakiwa kwa kifungu cha 124A kwa ajili ya maandishi yake. Alikiri, akaeleza kwamba mapenzi hayawezi kufanyizwa kwa amri ya sheria, akahukumiwa miaka sita. Gandhi alipata walau kusikizwa. Thuku hakufikishwa mbele ya jaji yeyote. Alihamishwa tu mpaka Kismayu, akakaa uhamishoni mpaka mwanzo wa miaka ya thelathini.

Hapa tayari zinaonekana silaha mbili ambazo serikali zilizofuata zilizitumia kwa zamu: mashtaka ya uchochezi, na kifungo kisichokuwa na mashtaka.

Sheria moja kwa bwana, nyingine kwa mtwana

Yaweza kudhaniwa kwamba wakoloni walituletea tu sheria waliyoifuata kwao. Sivyo. Huko Uingereza korti zilikuwa zimekwisha kuzoea kudai kwamba kosa la uchochezi halithibitiki mpaka ionekane nia ya kuleta fujo au kuvunja amani. Mwingereza aliyesema kwamba serikali yake ni ya wezi na wapumbavu aliweza kwenda zake nyumbani akalala.

Tofauti hii ilitangazwa waziwazi katika kesi ya Afrika ya Magharibi. Mwaka 1936 I. T. A. Wallace-Johnson, mzaliwa wa Sierra Leone, aliandika katika gazeti la African Morning Post la mjini Accra makala makali juu ya Mzungu na mungu wake wa udanganyifu. Mhariri wa gazeti hilo alikuwa Nnamdi Azikiwe, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Nigeria. Wote wawili walishtakiwa. Azikiwe alishinda katika rufani. Wallace-Johnson hakushinda, naye akaipeleka rufani yake mpaka Baraza la Mfalme, London, lililokuwa korti ya mwisho kwa makoloni yote. Hoja yake ilikuwa nyepesi: hakumwambia mtu ashike silaha. Mwaka 1939 Baraza lilimjibu kwamba sheria ya Gold Coast ilikuwa na maneno yake yenyewe, na katika maneno hayo hapakutakiwa fujo. Maneno yanayoweza kuleta chuki juu ya serikali yalitosha.

Hukumu hiyo yahusu Kenya kwa sababu Kanuni zetu za Adhabu zilikuja kuwa na maneno ya ukoo huo huo. Kifungu cha 56 kilihesabu nia mbalimbali zilizoitwa za uchochezi. Miongoni mwake kulikuwa na nia ya kuipindua serikali kwa njia zisizo halali. Nia ya kuitia serikali chuki au dharau. Nia ya kuwafanya wakaaji wa nchi wasiridhike. Na nia ya kuleta uadui baina ya jamii moja na nyingine. Msomaji atazame jinsi mambo yalivyochanganywa. Anayetaka kuwafanya Wakenya wachinjane, na anayetaka waone kwamba bei ya unga imewashinda, wote wawili wamo katika kifungu kimoja, na jina lao ni moja: wachochezi.

Ni haki kukiri kwamba kifungu hicho kiliacha mlango. Mtu aliruhusiwa kuonyesha kwamba serikali imekosea, au kutaja kasoro za sheria kwa kusudi la kuzirekebisha. Lakini mlango huo ulikuwa mwembamba, na bawabu wake alikuwa serikali yenyewe. Sheria haikuuliza kama neno lililosemwa ni la kweli. Iliuliza lilisemwa kwa moyo gani. Na moyo wa mtu haupimwi kwa mizani. Mshitaki aliweza daima kusema kwamba huyu hakutaka kurekebisha bali kubomoa, na ukali wa ukweli wenyewe ukageuzwa kuwa ushahidi wa nia mbaya.

Warithi

Wengi wa viongozi waliopokea uhuru katika Afrika ya Mashariki walikuwa wameonja sheria hizi. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba. Julius Nyerere alihukumiwa Dar es Salaam mwaka 1958 kwa kuwakashifu maafisa wawili wa wilaya katika gazeti la chama chake, akalipa faini. Ingetarajiwa kwamba watu kama hawa, wakishika madaraka, wangezitupa sheria hizo pamoja na bendera ya Mwingereza. Badala yake zilitunzwa. Nchini Kenya kifungu cha uchochezi kilibaki, na mwaka 1966 Bunge liliipa serikali uwezo mpana wa kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwashtaki.

Kesi moja yawahusu hasa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa mabaraza ya mitaa, karatasi za karibu wagombea wote wa chama cha upinzani cha KPU zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Kijana mmoja wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi?, ikasambazwa kwa siri. Alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa mwaka 1969 kifungo cha miezi kumi na minane; serikali ilipokata rufani, kifungo kiliongezwa kikawa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa Zawadi ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, zawadi iliyobeba jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji.

Mtu aweza kuuliza: katika karatasi ile kosa lilikuwa nini? Jina lake ni swali. Mwandishi aliwauliza wenziwe nchi inaelekea wapi, na akawa amekwisha kulijibu kwa namna isiyowapendeza wenye madaraka. Mji wa Mombasa tangu zamani za Muyaka bin Haji ulikuwa umewazoea washairi wanaosema juu ya mambo ya utawala. Lakini shairi hufumba, na karatasi ile haikufumba.

Lugha nayo ilikuwa na sehemu yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya yake Petals of Blood mwaka 1977, kitabu kilichowashambulia vikali matajiri wapya wa Kenya; kilizinduliwa na Mwai Kibaki, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Mwaka huo huo mchezo wa Ngaahika Ndeenda, alioutunga kwa Kigĩkũyũ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliigizwa Kamĩrĩĩthũ na wakulima na wafanyakazi wenyewe. Kibali cha mchezo kilifutwa, na tarehe 31 Desemba mwandishi akakamatwa, akawekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Hapana shaka kwamba lawama ile ile ilivumiliwa ilipokuwa kwa Kiingereza, ikaonekana hatari ilipofika katika lugha ambayo walengwa waliielewa.

Hata Bunge halikuwa kinga. Mwezi Oktoba 1975 Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba wako wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney alijibu kwamba lililo dhahiri halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakakaa kizuizini mpaka Desemba 1978.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 mkono wa sheria ulizidi kuwa mzito. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa miaka kumi kwa uchochezi, akafariki gerezani mwaka 1988. Maina wa Kinyatti, mwalimu wa historia, alihukumiwa miaka sita kwa kupatikana na karatasi iliyosemwa kuwa ya uchochezi. Al-Amin Mazrui, mtungaji wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini mwaka huo huo.

Hoja ya serikali

Haifai kuiandika historia hii kana kwamba upande wa pili haukuwa na hoja. Wakuu wa serikali walisema kwamba taifa ni changa. Kwamba Kenya ilikuwa imepigana vita vya Shifta huko Kaskazini Mashariki. Kwamba Pio Gama Pinto aliuawa mwaka 1965 na Tom Mboya mwaka 1969. Kwamba makabila yetu yalikuwa bado hayajaaminiana, na cheche moja ingetosha kuichoma nyumba nzima. Hoja hiyo si ya kuchezewa. Yeyote aliyeyaona ya Rwanda mwaka 1994 ajua kwamba maneno huua. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa ikiketi Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio ya RTLM na mwenye gazeti la Kangura, kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini tuipime hoja kwa matendo ya wale walioitoa. Mwezi Machi 1991 Gitobu Imanyara, mhariri wa Nairobi Law Monthly, alishtakiwa kwa uchochezi kwa ajili ya maandishi yaliyodai kwamba serikali inawapendelea watu wa kabila moja katika vyeo. Mashtaka yaliondolewa miezi michache baadaye. Mwezi Septemba wa mwaka huo huo ilifanywa mikutano ya hadhara Kapsabet na Kapkatet, ambako wanasiasa wa chama tawala walidai majimbo na kuwatisha watu waliohamia Bonde la Ufa kutoka sehemu nyingine za nchi. Mwishoni mwa Oktoba mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, wilaya ya Nandi, yakaenea. Kufikia mwaka 1993 ilikadiriwa kwamba watu 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 wamefukuzwa makwao. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliichunguza mikutano hiyo katika ripoti yake ya mwaka 1992. Wasemaji wakuu wa mikutano hiyo hawakufungwa.

Mwaka huo mmoja wa 1991 ni mtihani wa sheria nzima. Kifungu cha 56 kilikuwa na maneno ya kutosha kuwashika waliowagombanisha majirani, maana uadui baina ya jamii ulitajwa humo waziwazi. Walakini aliyeshtakiwa ni mhariri. Sheria iliyopewa kazi mbili, kuilinda serikali na kuwalinda watu, ilikumbuka kazi ya kwanza ikasahau ya pili.

Itajibiwa kwamba maandishi ya mhariri yule nayo yaligusa kabila, na kwa hiyo yalikuwa cheche. Hili ndilo fundo gumu, na halifunguki kwa kulikwepa. Jibu lake ni kutazama neno linasema juu ya nani, na linamtaka msikilizaji afanye nini. Asemaye kwamba vyeo vimegawanywa kwa upendeleo aisema serikali. Na serikali yaweza kumjibu kwa kuorodhesha vyeo na walivyopewa. Asemaye kwamba jirani yako ni mgeni na yafaa aondoke hasemi juu ya serikali hata kidogo. Asema juu ya mtu mwenye shamba, mke na watoto, naye hana la kujibu ila kufunga mizigo.

Mpaka wahamishwa

Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, wabunge wa KANU na wa upinzani walikubaliana juu ya marekebisho kadhaa, na kwa sheria ya mwaka huo vifungu vya uchochezi vya 56, 57 na 58 viliondolewa, pamoja na uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka. Uingereza wenyewe walikuja kulifuta kosa hilo kwa sheria ya mwaka 2009.

Baada ya machafuko ya mwaka 2007 na 2008, yaliyoua watu zaidi ya 1,100, Bunge lilipitisha mwaka 2008 sheria ya utangamano wa kitaifa iliyoyaharamisha matamshi ya chuki ya kikabila. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, iliuchora mpaka upya: uhuru wa kusema hauihusu propaganda ya vita, wala uchochezi wa fujo, wala matamshi ya chuki. Kutoipenda serikali hakumo katika orodha hiyo. Mwezi Aprili 2017 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 132 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya kuwa kosa kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma. Kilikuwa kimetumiwa kumshtaki mtu kwa maneno aliyoyaandika mtandaoni juu ya Rais.

Kwa maandishi ya sheria, basi, mpaka umehamishwa kutoka mlangoni pa serikali ukapelekwa mlangoni pa jirani, mahali unapostahili. Kwa mazoea ya watu haujahama vivyo hivyo. Mtu akishtakiwa leo kwa uchochezi wa fujo, wasikilizaji wengi hudhani mara moja kwamba ameonewa na wakubwa, kwa kuwa kwa miaka mingi wao na baba zao waliliona neno hilo likitumiwa kuwaonea watu. Hasara hii haihesabiwi katika ripoti za tume, lakini ni kubwa. Siku ambayo mchochezi wa kweli anaposimama, jina la kumwita limekwisha kuchakaa.

Hitimisho

Walimu wa lugha, waandishi wa magazeti na wafasiri wa sheria wana kazi hapa. Kiswahili kina neno jingine ambalo lingeweza kutuondolea mchanganyiko huu, nalo ni kukosoa. Kama vile kufungua ni kuliondoa lililofungwa, kukosoa ni kuliondoa kosa. Hakuna katika neno hilo sharti la upole, wala la kuomba radhi, wala la kuipenda serikali kwanza. Lipo sharti la kuwapo kosa. Na kama kosa halipo, aliyekosolewa ana nafasi ya kuonyesha hivyo mbele ya watu wale wale.

Neno uchochezi nalo lirudishiwe maana yake ya kale: kuwagombanisha watu hadi wadhuriane. Likitengwa hivyo, korti zitaweza kulitumia bila ya kushukiwa, na mwananchi ataweza kusema kwamba bei imempita, kwamba kura imeibwa, au kwamba mkubwa fulani hafai, bila ya kutazama nyuma yake. Magazeti yetu bado hulitumia neno hili moja kwa mambo yote mawili, na yafaa mabadiliko yaanzie hapo.